Mkono Uliotulia

...na kweli umetulia, mkono wa yule mzee, umetulia kama umemwagiwa saruji, siku tisa za kazi, fremu mia mbili na kumi na mbili za filamu, picha moja baada ya moja, yeye kwenye kompyuta akiufuta mtetemo kidole kwa kidole, kwa sababu mwigizaji anaumwa lakini mzee wa kwenye filamu haumwi, ndivyo mwongozaji anavyotaka, na sasa mzee anampa mkewe kikombe na chai haichezi hata kidogo, na msimamizi aliyesimama nyuma ya kiti chake anasema, "Safi sana dada, hapo hata mama yake mzazi hatajua," naye anaitikia, "Asante," huku akiirudisha picha mwanzo, maana kuna kitu, hajui nini, kinamkwaruza jicho kama chembe ya mchanga... ndiyo kazi yenyewe hii, ukiipatia haionekani, ukiikosea ndipo watu wanakujua, baba alikuwa akisema hivyo hivyo juu ya ngazi, baba mchora mabango ya maduka, mstari wa futi sita kwa pumzi moja bila rula, yeye chini kamshikia kopo la rangi, shingo inamuuma kwa kutazama juu, hakuna mkono aliowahi kuutazama kama ule, mpaka ugonjwa wa kutetemeka ukauingia, kwanza kidole gumba, kisha kiganja, mkono wa kulia, wenyewe wa riziki... "Mwongozaji anauliza ataipata lini," msimamizi anasema, simu sikioni, "nimwambie mchana huu?" na mdomo wake unajibu, "Mchana huu," unajibu wenyewe... ile picha ya harusi ya mdogo wake, nani alimtuma, hakuna aliyemtuma, watu wote wametulia, mkono wa baba tu ndio umefanya ukungu begani kwa bibi harusi, akaona amsitiri mzazi wake, akaukata mkono wa baba wa kabla ya ugonjwa kwenye picha nyingine, akaupachika, akalinganisha mwanga mpaka kivuli cha pete, akampelekea, na baba akaitazama, akaitazama, akasema, "Mkono mzuri. Wa nani?" na nyumba nzima ikacheka, na yeye, binti yake, akacheka, Mungu amsamehe, alicheka, na tangu siku ile mkono wa baba unaishi mfukoni, chakula anakula peke yake, "Baba yako siku hizi ana maringo," mama anasema kwenye simu, na mama anajua fika kwamba si maringo...

Ngoja. Si mkono wa mzee unaomkwaruza, ni wa mke, kikombe hakijafika na mke kashaunyoosha wake, kaukinga chini ya sahani, mtu atajiuliza mama huyu ana haraka gani, anampokonya mumewe chai? anaifungua picha asilia, anaiweka kando ya ile yake, na hapo kikombe kinacheza, kinagonga sahani, na mkono wa mke unapanda kukilaki, haumhurumii, haumwambii pole, unamkuta tu katikati ya njia, na yeye siku zote tisa aliuzungushia mstari asije akauharibu, akauhesabu ni sehemu isiyomhusu, ukimtuliza mzee, huyu mama anakuwa mwizi wa kikombe... kumsitiri baba, nani alimsitiri nani, alijisitiri yeye, mbele ya wakwe wa mdogo wake, wasiseme, na baba aliliona hilo kabla hajauona mkono, macho yale hayajatetemeka... picha asilia ya harusi ipo, mtu wa kazi hii hafuti asilia, Jumamosi ataipeleka mwenyewe, atasema nini hajui, labda samahani, labda atakaa tu mezani upande wake wa kulia na kula, na baba akinyanyuka atanyanyuka naye na sahani yake, waende wakale huko huko anakokula peke yake...

"Basi naituma," msimamizi anasema, mkono tayari kwenye kipanya.

"Usitume. Vuta kiti, kaka, nikuoneshe mkono wa huyu mama."

"Una nini huo mkono? Huo si hatukuugusa?"

"Ndiyo maana," anasema, na sauti yake inatetemeka, naye anaiacha itetemeke.