Kamba ya Kuanikia Sare

Kamba ilikaza kabla roda ya juu haijafika kileleni mwa mlingoti. Bisimwa akaivuta tena, safari hii kwa hasira, kisha akainua macho akaliona pengo: mita mbili kamili. Hapo ndipo alipokikumbuka kile kisu chake cha mwezi wa Juni, akajitukana kwa Kifaransa.

Ilikuwa Agosti 2021, Sydney imefungwa kwa sababu ya korona. Bisimwa, fundi wa kamba katika karakana ya mashua, alikuwa wiki ya tano akilala ndani ya mashua ya tanga ya mteja, maana bosi alishasema anayekwenda kulala nyumbani, kule Rooty Hill kwenye maambukizi mengi, asirudi kazini. Ng'ambo ya kighuba kulikuwa na hospitali, na katika ghorofa ya nne mkewe, Généreuse, alikuwa akipumua kwa oksijeni. Wageni walipigwa marufuku. Na kama hilo halikutosha, banda la bati la jirani lilisimama katikati, ukiwa chini huoni hata dirisha moja la hospitali. Kileleni mwa mlingoti tu ndipo madirisha yalipoonekana. Alijua, mwaka uliopita alipanda kubadilisha taa.

Saa sita mchana Généreuse alipiga simu.

"Papa Trésor, banasema saa nane batanilalisha. Batanitia tuyau mu koo, mashini ndiyo itapumua. Miye nataka kwanza nione mutu wangu. Hapana mu simu. Na macho."

"Nitapanda mlingoti," alisema Bisimwa bila kufikiri. "Angalia juu ya ile bati. Utaona kitenge yako ya manjano."

Nesi Kawira, Mkenya wa Meru aliyemshikia simu, akadakia: "Sawa, baba Trésor. Nitajaribu kumsukuma mpaka kwa window."

Sasa, kujipandisha mlingotini peke yako hakutaki misuli sana, kunataka hesabu. Roda moja unaipeleka juu. Nyingine unaifunga kwenye kiti cha turubai unachokalia. Kamba inapita kati yake mara nne, halafu mkia wake unakushukia mkononi. Ukivuta mita tano, unapanda moja. Kwa hiyo mlingoti wa mita kumi na mbili unadai kamba ya mita sitini, na kamba hiyo haikatwi. Mzee Douglas, fundi mkuu, alimwambia hivyo siku ya kwanza, na alimwambia kwa ukali.

Lakini Juni Généreuse alirudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee huko Seven Hills, akakataa kuingiza sare yake ndani. Wazee walikuwa wameanza kukohoa. Akavua nje, kwenye baridi, akaifua kwa ndoo, akauliza ataianika wapi. Bisimwa alikata mita kumi za kamba ya karakana akamfungia nyuma ya nyumba, toka kwenye uzio hadi kwenye nguzo. Alijiona mume wa maana. Mita kumi kati ya sitini, nani angezikosa?

Kumi ukigawa kwa tano ni mbili. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu!

Stoo ilikuwa imefungwa na ufunguo ulikuwa kwa Douglas, naye alikuwa amefungiwa kwake Liverpool, kitongoji kingine cha Sydney. Saa ilionyesha saa nane kasorobo. Bisimwa alifunga kitenge kiunoni, akakaa kitini, akaanza kuvuta. Labda mita kumi zitatosha, alijiambia. Labda bati si refu hivyo. Aliomba njia nzima, mkono juu ya mkono, viganja vikiwaka moto, mpaka roda mbili zikabusiana na kiti kikagoma.

Mbele yake aliona bati. Bati, misumari yenye kutu, mavi ya shakwe, na juu yake ncha ya bomba la moshi la hospitali. Alijinyoosha mpaka kiuno kikalia. Hakuna dirisha. Alitaka kulia, na alilia.

Simu ikaita mfukoni mwa shati.

"Papa Trésor!" Sauti ya Généreuse ilikuwa imekonda. "Niko nakuona."

Bisimwa alitazama tena mbele: bati lile lile.

"Naona na kitenge yangu. Inapepea muzuri. Sasa ushuke polepole, usianguke."

Alijitazama kiunoni. Kitenge kilikuwa bado kimefungwa pale pale, hajakikunjua.

"Na miye niko nakuona, Mama Trésor," alisema, macho yake kwenye bati. "Umependeza."

Alimsikia akicheka kidogo, kisha kikohozi, kisha simu ikakatika. Alibaki ananing'inia pale hadi saa nane na nusu, maana hapakuwa na kitu cha kumfanya ashuke.

Mashine ilimpumulia Généreuse siku tisa. Siku ya kumi Kawira alipiga simu, akasema aliyopaswa kusema, akampa pole. Bisimwa alimuuliza jambo moja tu: siku ile pale dirishani, mke wangu aliona nini?



"Baba Trésor, hatukufika kwa window. Mpira wa oksijeni ulikuwa mfupi."