Veramente kwa Pumzi Mbili

Tangu baba mkwe wangu, mzee Nazzareno, aanguke kutoka kwenye ngazi akipogoa mzeituni, wifi yangu Loredana hakuniamini hata kidogo. Nilisema ukweli: nilimkataza kupanda, akapanda. Lakini tulikuwa wawili tu shambani, na mzee aliumia kichwa, maneno yakampotea. Sasa anajifunza upya kusema, silabi moja moja, akigonga meza kwa kidole.

Jumapili, chakula bado kinafuka moshi mezani, Loredana akaanza.

"Baba, Vera anasema ulipanda mwenyewe. Ni kweli?"

Mzee akavuta pumzi. "Ve-ra." Akapumua. "Men-te."

Uma wa Fulvio, mume wangu, ukasimama hewani. Kwa Kiitaliano chetu, veramente ni "kweli kabisa". Likatwe hapo katikati, linakuwa Vera mente, "Vera anadanganya".

"Mmesikia wenyewe!" Loredana akasema.

"Kasema veramente!" nikasema. "Kaishiwa pumzi tu."

"Wifi, mimi nafundisha watoto kusoma. Veramente ni neno moja na mkazo wake mmoja, kwenye men. Baba kakaza mara mbili, ve na men. Hayo ni maneno mawili."

"Siku hizi anakaza kila kitu! Hata akiomba chumvi anaikaza! Baba, hebu sema certamente." Yaani "hakika".

"Cer-ta." Pumzi. "Men-te."

"Haya, na huyo Certa ni nani? Naye mwongo?"

Hakuna aliyecheka. "Anayemfanyisha mazoezi kila siku ni wewe," Loredana akasema polepole. "Unamzoesha utakavyo."

Nikamgeukia mume wangu anitetee. Akaangalia sahani yake, na jioni akabeba mto wake akahamia sebuleni. Ya wifi niliyatarajia. Ya Fulvio yaliniuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi Fulvio alikuwa akimnyoa baba yake ndevu, nami nimesimama mlangoni na taulo. Akashusha wembe.

"Baba, Vera anadanganya?"

Mzee akamtazama kwa hasira, povu shavuni. "No."

Silabi moja, haina pa kuikata. Siku zote hizo hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo, wala mwanawe.

Jioni Fulvio akaja chumbani na mto wake kwapani, anatabasamu. "Vera, mpenzi, yameisha."

Nikauchukua mto, nikaupeleka sebuleni, nikauweka juu ya sofa.

"Yameisha kwako," nikamwambia.