Mkono Kwanza katika Bonde la Kinamo

Ukitaka kuijua Kauleni usianzie kasri, maana kule utaonyeshwa mapazia tu. Anzia chini, kwenye Bonde la Kinamo, ambako udongo ni mweusi na mzito, unamshika mtu mguu kama mtoto asiyetaka mama yake aende sokoni. Nchi nzima imetoka katika bonde hilo: vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, vigae vya kuezekea nyumba, vyetezo vya kufukizia udi siku za harusi, na vijungu vidogo vya kuhifadhia mbegu za msimu ujao. Juu ya bonde zimebanana nyumba za wafinyanzi, juu yake soko, juu ya soko mahakama, na juu kabisa, mahali ambapo moshi wa matanuri hauwezi kufika puani mwa mtu, limekaa kasri la Mtukufu Kibindo, mtawala wa Kauleni, mnene wa shingo na mwembamba wa huruma, aliyezoea kuvaa kanzu tatu kwa wakati mmoja ili kila moja iwe na mifuko yake.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi moja ambayo wageni waliicheka mpaka ilipowabana. Ilianzia kwa wafinyanzi. Mteja akija na kusema anataka chungu kikubwa, mfinyanzi humwambia, kikubwa kiasi gani, hebu nionyeshe kwa mkono. Na mteja asipoonyesha, hafinyangiwi kitu. Kutoka hapo ikapanda sokoni, ikapanda mahakamani, ikawa ndiyo sheria kuu ya nchi, nayo ikaitwa Mkono Kwanza: amri yoyote haitekelezwi mpaka aliyeitoa aionyeshe kwa mkono wake mwenyewe mbele za watu. Mwenye shamba akisema limeni, hupiga yeye jembe la kwanza. Hakimu akisema mfungeni huyu, hushuka kitini akafunga fundo la kwanza la kamba, huku mama wa mfungwa amemkodolea macho. Msidhani ni jambo dogo hilo. Mahakimu wengi walipoishika kamba waligundua ghafla kwamba ushahidi ulikuwa na walakini, wakarudi kitini na kumwachia mtu aende zake.

Sasa Kibindo alitaka mnara. Alitaka mnara wa matofali mekundu, mrefu kuliko kitu chochote nchini, na matofali hayo yangetoka Bonde la Kinamo lote, mpaka mwamba uonekane. Wafinyanzi ingebidi waondoke. Lakini ili waondoke, yeye mwenyewe angelazimika kushuka bondeni na kung'oa kigae cha kwanza cha nyumba ya kwanza, wanawake wakimtazama. Mtu huyu hakuwa mwoga wa dhambi. Alikuwa mwoga wa kuonekana.

Dawa aliletewa na katibu wake, Ulimbo, kijana aliyekwenda kusoma ng'ambo akarudi na sanduku moja la vitabu na kikohozi cha mtu mkubwa. Ulimbo alimweleza bwana wake kwamba kule ng'ambo, katika Kiingereza, lipo neno dogo, la kawaida kabisa, ambalo wenyewe hulitumia jikoni na barazani bila hata kulifikiria, nalo limebeba maana kama punda wa chokaa. Neno lenyewe ni seti. Ukiweka kikombe mezani, umeseti. Ukitega mtego, umeseti. Ukiunga mfupa uliovunjika, ukirekebisha saa, ukipanga bei, uji ukiganda, jua likizama, yote ni hilo hilo. Basi Mtukufu atatoa amri kwa neno hilo, mkono utaonyesha ile maana nyepesi kuliko zote, na askari watatekeleza ile nzito. Kibindo alicheka mpaka kifungo cha kanzu ya tatu kikaruka.

Ulimbo alilizindua neno lake sokoni, siku ya gulio, amesimama juu ya meza na kitabu kinene kifuani. Hapo ndipo alipokosea, kosa la mtu aliyesoma sana na kuuza kidogo. Badala ya kulipenyeza neno kimyakimya, alilisifia. Akajigamba kwamba Wakauleni wanapata bahati ambayo mababu zao hawakuiota, kwamba neno hili peke yake lina maana mia moja na tisini na nne, na kwamba zote zimeandikwa humu, na akakipiga kitabu kofi. Watu walipiga makofi kwa adabu. Katika safu ya wauza vyungu alikuwepo mama mmoja wa makamo, Bi Mkejina, mwenye viganja vipana na jicho la kushoto lililokufa kwa moshi wa tanuri. Yeye hakupiga makofi kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Alichukua kijiti, akaichora ile hesabu ndani ya mdomo wa chungu kibichi alichokuwa anakimalizia, akaendelea na shughuli zake.

Amri zikaanza kushuka, Ulimbo akizitoa kwa niaba ya bwana wake. Soko lisetiwe, ikasemwa, na Ulimbo akapanga nyanya tatu kwenye mstari, watu wakasema haya, hilo halina neno. Kesho yake nusu ya wachuuzi walikuta vibanda vyao vimepigwa kufuli. Wazee wa baraza wasetiwe, ikasemwa, na Ulimbo akamshika mkono mzee mmoja kwa heshima zote, akamkalisha kitini, hata mto akamwekea mgongoni. Wiki haikuisha wazee wote saba walikuwa wamekalishwa kweli, lakini nyuma ya mlango unaofungwa kwa nje. Watu walipouliza, walijibiwa kwamba mkono ulionyeshwa na wao wenyewe waliuona. Ilikuwa ni uonevu wa wazi, na uliuma zaidi kwa kuwa ulifanywa kwa tabasamu.

Kisha mpiga mbiu akapita nyumba za wafinyanzi akitangaza kwamba Jumatano Bonde la Kinamo litasetiwa.

Jioni hiyo majirani walijaa uani kwa Bi Mkejina. Wengine walishaanza kufunga mizigo. Bi Mkejina alikuwa mjane, hakuwa na shamba wala ng'ombe. Udongo wa bonde lile ndio uliomlea yeye, mama yake na bibi yake, na pasipo huo angebaki na viganja vipana vya kuombea tu. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaleta chungu chake, kile chenye hesabu mdomoni, sasa kimeshachomwa, akawapitishia kila mmoja aiguse ile namba kwa kidole. Akawaambia wafungue mizigo. Jumatano waje na mikeka na chakula cha siku tatu, na kazi isisimame, shimo la kulowekea udongo lijazwe maji kama kawaida, kwa sababu yeye hakuwa na nia ya kwenda popote.

Jumatano Kibindo alishuka na kiti chake, mwavuli wake, askari hamsini, na hati ya kulitwaa bonde ameiviringisha mkononi. Ulimbo alikuja na kikombe. Akakiweka juu ya jiwe taratibu, kisitoe hata sauti, akajifuta vidole.

"Mkono umeonyeshwa," alisema. "Askari, endeleeni."

"Bado, Katibu," Bi Mkejina alisema, akiwa ameketi kwenye mkeka wake. "Hiyo ni moja. Wewe mwenyewe ulitwambia ziko mia moja na tisini na nne. Tuonyeshe zilizobaki, ndipo tujue tunatii ipi."

Ulimbo akacheka, akasema haya ni maneno ya jikoni, desturi inataka mkono mmoja tu. Bi Mkejina hakubishana naye. Alimgeukia sajini wa askari, Mwinchande, mtoto wa mfinyanzi wa pale pale bondeni, akamuuliza ametumwa kufanya nini hasa. Mwinchande akakuna sikio. Alikiri kwamba ameambiwa abomoe nyumba. Je, ameonyeshwa kubomoa? Hapana, yeye ameona kikombe. Basi akalaza rungu lake chini, akakaa juu yake, na wale hamsini wakakaa. Tusiwasifu bure, askari wa Kauleni hawakuwa wema kuliko askari wa kwingine, ila walikuwa wavivu, na jua lilikuwa kali, na desturi iliwapa ruhusa.

Kibindo alifoka, lakini kufoka si mkono. Akataka kutangaza kwamba desturi yenyewe imefutwa tangu leo, na hapo akanyamaza katikati ya sentensi, kwa kuwa amri hiyo nayo ingetaka kuonyeshwa, na hakuna aliyewahi kujua mkono unavyoweza kujifuta isipokuwa kwa panga. Aliutazama mkono wake wa kulia, uliojaa pete, kisha akamwambia Ulimbo kwa sauti ya chini aanze kusoma.

Ulimbo akaanza. Alipanga sahani. Alitega mtego wa panya, ukamla kidole. Alimwunga kuku mguu ambao ilibidi kwanza auvunje yeye mwenyewe, na watoto wakamzomea. Alirekebisha saa, alipanga mawe kwa seti sita sita, alimchana nywele bibi mmoja na kuzifunga, bibi akamwambia ana mkono mzito. Kila maana ikionyeshwa, watu walikuwa wakiuliza kwa upole, je, ndiyo hii tutakayolifanyia bonde? Naye kila mara alishindwa kusema ndiyo, kwa sababu ndiyo ingemaliza mchezo pale pale na bonde lingebaki lilivyo. Saa nne asubuhi alifika kwenye jua kuzama, akanyoosha kidole magharibi. Wakasema kunyoosha kidole si kuzamisha. Basi wote wakangoja. Wanawake wakapika, mtu akaleta ngoma, Kibindo akalala kitini mdomo wazi, na jua lilipozama kwa wakati wake Bi Mkejina akachora mstari kwenye jivu na kusema haya, hiyo tumeiona, tukalale.

Siku ya pili mchana Ulimbo, vidole vitatu vimefungwa vitambaa, alifungua ukurasa akasoma: kuganda, kwa kitu kilichokuwa laini kikawa kigumu. Akakifunga kitabu. Akasema amri ni ya Mtukufu, si yake, na mikono yake yeye imekwisha. Watu wakamgeukia Kibindo. Alikuwa amechoka na joto, kanzu tatu zimemlowa, na alilitaka jambo hili lifike mwisho kwa namna yoyote. Hapo mbele yake lilikuwepo shimo la kulowekea, udongo wake laini kama maziwa ya mtindi. Akavua viatu mwenyewe, akaingia mpaka magotini, hati mkono mmoja, bakora mkono mwingine.

"Haya," alisema. "Imeonekana?"

"Bado, Mtukufu," Bi Mkejina alisema. "Haujaganda."

"Unaganda lini?"

"Ukiachwa."

Naye akaachwa. Wafinyanzi walikwisha kufungulia maji yakapita mfereji wa chini, kama wanavyofanya kila udongo ukishakolea, na jua la kiangazi cha Kauleni likafanya kazi yake bila kuamrishwa na mtu. Mwanzo Kibindo alijisikia vizuri, akasema udongo ni wa baridi. Baadaye akasema unabana. Alasiri alijaribu kuinua mguu wa kulia, haukuja. Akajaribu wa kushoto, akayumba, akaegemea bakora, na bakora ikazama ikabaki huko. Hofu ikamwingia usoni, na nitasema ukweli, wapo waliomwonea huruma, maana mtu aliyenasa ni mtu aliyenasa. Ulimbo alikuwa ameshapanda kilima na kitabu chake bila kuaga.

"Nitoeni," Kibindo aliwaambia askari.

Mwinchande alisimama, akaja mpaka ukingoni, akapiga saluti ya adabu. Akasema yuko tayari kabisa kutii, ila Mtukufu awaonyeshe kwanza, kutoa ndiyo kunafanywaje.

Bi Mkejina akainuka kwenye mkeka wake. Alikuwa na mtungi wa maji kiunoni, ameujaza mpaka mdomoni. Akachuchumaa ukingoni, karibu naye, sura kwa sura, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua.

"Maji ninayo," alisema. "Nikiyamwaga hapo, udongo utakuachia, mimi naujua. Lakini kuachia kunakuwaje, Mtukufu? Tuonyeshe."

Bonde zima likautazama mkono wake wa kulia. Hati ilikuwa humo, imeviringishwa, jasho limeilowesha, vidole vyenye pete vimeikamata. Kibindo naye aliutazama, kwa mshangao, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine aliyekuja kukaa begani pake.

Kuanzia hapo wasimulizi wa Kauleni hawakubaliani. Wapo wanaoapa kwamba vidole vilifunguka kimoja kimoja, hati ikaanguka, maji yakamwagwa, na mtu mnene akaonekana akipanda kilima pekupeku amevaa kanzu moja. Wengine wanasema hapana, kuna watu ambao mkono wao haukuumbiwa kufunguka, na wanakuonyesha kichuguu kilichosimama katikati ya bonde, chenye kitu kama ngumi kwa juu.

Mimi nilifika. Kichuguu nilikiona, na ngumi niliiona, ingawa vichuguu vya nchi ile vyote vina maumbo ya ajabu. Wafinyanzi bado wanachimba udongo wao kukizunguka, wakipiga soga, na mnara mpaka leo haujulikani ungesimama wapi. Pale ukingoni umewekwa mtungi mmoja. Nilimuuliza Bi Mkejina, amezeeka sasa, kwa nini haujahamishwa miaka yote hii. Alisema unamngoja mtu, akafungua mfuniko, akanionyesha maji. Ulikuwa umejaa mpaka mdomoni.