Hodi ya Nne

Nchi ya Utamuni haikupungukiwa chakula. Hilo lisemwe mapema, maana wakubwa wake walipenda kulisema. Shira, maji ya sukari iliyochemshwa, ilitiririka barabarani kama mafuriko ya masika, nzito, ya kahawia, ikapanda hadi magotini mwa wapita njia, ikaozesha misingi ya nyumba, ikatia ukungu madirisha, ikawaachia watu vidonda miguuni visivyotaka kupona. Na katika nyumba hizohizo, nyuma ya milango iliyofungwa, watu walikuwa wakifa njaa. Na juu ya yote hayo, katika kasri lililoinuliwa kwa nguzo ili shira isilifikie, aliishi Mtukufu Kizibo, Baba wa Chupa, pamoja na Mabwana wa Ghala, watu wa vidole laini na shingo zilizokunjamana kama mikeka.

Milango ya Utamuni haina kitasa wala komeo. Tangu enzi na enzi ilifunguka kwa kitu kimoja tu: hodi. Si hodi ya kila mtu, bali hodi ya Wabisha, ukoo uliochipua ardhini kama migomba katika kilima kidogo cha Kongoshoni, nyuma ya soko kuu. Kila shira ilipopanda, Wabisha walishuka wakaita nyumba hadi nyumba, milango ikafunguka, shira ikaingia ikawa uji wa watoto na nguvu za wakubwa, barabara zikabaki kavu. Hawakulipwa. Hawakushukuriwa. Hata "karibu" hawakuambiwa, maana nani ajisumbue kujibu na mlango umekwisha kufunguka?

Wanaojifanya wamesahau yaliyofuata ni wale walionenepa nayo. Desturi ya Utamuni ni hodi tatu: ukiita mara tatu usijibiwe, ondoka, anayeita mara ya nne ni mwizi. Basi mwaka mmoja Mabwana wa Ghala, ghala zao zilipofurika, waliifungulia shira mifereji yote iingie mjini, kutwa kucha, hata milango ikachoka, ikawa mizito ya kusikia. Wabisha wakaita mara tatu, kimya. Wakasikia watu wakikata roho ndani, wakaita mara ya nne. Askari wa kanzu nyeupe, waliolishwa na nchi hiyohiyo ili wailinde, wakapiga kelele, "Wavamizi!" wakapanda Kongoshoni na mapanga, wakawakata Wabisha hadi yakabaki mashina. Walipomaliza waliimba wimbo wa taifa. Tuliwasikia. Waliimba vizuri.

Ndipo Kizibo alipotokea na chupa zake. Kila chupa ilikuwa na hodi moja, iliyonaswa ng'ambo na kufungiwa kwa nta. Ukiizibua nje ya mlango, mlango hufunguka kidogo, kisha hujifunga. Kesho tena, na kesho kutwa, mpaka kaburini. Chupa ziliokoa watu, na anayekataa ni mwongo. Lakini anayekuvua majini leo na kuhakikisha kesho utazama tena, naye mwiteni kwa jina lake. Mwenye kutaka chupa alishinda kutwa nzima akichota shira chini ya kasri na kuipandisha kwa wakubwa. Na mbiu ikapigwa: mashina ya Kongoshoni yamekufa, kuyagusa ni uhaini.

Sihaba alikuwa mmoja wa wachotaji. Dada yake, Mwamvua, alilala nyuma ya mlango wa buluu, akiishi kwa chupa ambazo Sihaba alizitolea jasho. Asubuhi moja alifika mikono mitupu.

"Mwamvua, u hai?"

"Nikikuambia nimekufa utaamini?"

"Chupa hazikutolewa leo. Wanasema msafara umechelewa."

"Msafara huchelewa kila Kizibo anapooa. Safari hii kaoa nani?"

"Dada, acha mzaha."

"Nikiacha mzaha nitakula nini? Ukili wa mkeka nimeumaliza." Sauti ikapungua. "Sikia, Sihaba. Ukirudi ukaniita nisijibu, usiite mara ya nne. Watakukata."

Sihaba aligeuka akaondoka. Alipanda Kongoshoni jua likiwa utosini, kama alivyopanda kwa siri miaka mingi. Mashina yale meusi alikuwa ameyapaka kila kitu: magome, ukungu wa mkate, maji ya chokaa. Mengi yalikaa kimya. Moja, kwa dawa ya majivu, lilivimba likawa kubwa kama jahazi, halina mdomo wa kuita hodi, likaanza kuwala wenzake. Alilichoma huku analia. Mbegu chungu za jangwani zililitoa shina jasho, basi. Mate ya mjusi yalilifanya litetemeke, basi. Siku ile hakuwa na dawa mpya wala siku nyingine ya kungoja. Akazisaga mbegu ndani ya mate, akapaka shina moja, akakaa chini mikono kichwani.

Shina likatoka jasho. Likatetemeka. Likapasuka ubavuni, na chipukizi likachungulia, uso umekunjamana kama wa kichanga.

"Hodi," likasema.

Sihaba alicheka mpaka akakohoa. Alipaka mashina yote yaliyobaki, akalibeba lile chipukizi la kwanza kifuani, akateremka mbio. Lakini hodi husikika mbali. Penye mlango wa buluu alimkuta Koplo Tindo, askari mzee wa kanzu nyeupe, panga lake likiwa lilelile la mwaka ule.

"Sihaba, sheria unaijua. Tatu. Ya nne nakata."

"Mwache aite."

Chipukizi likaita. Kimya. Likaita tena. Kimya. Mara ya tatu sauti ilikwaruza, na mlango ukatulia kama ukuta wa kaburi. Tindo akainua panga. Chipukizi, kwa kuwa liliumbwa hivyo, likafumbua mdomo tena.

"Karibu!" Sauti ilitoka ndani, nyembamba kama uzi. "Mnangoja nife ndiyo muingie?"

Panga likasimama hewani. Utamuni yote inajua: mgeni aliyekaribishwa hakatwi. Tindo akalitazama chipukizi, akautazama mkono wake, akauteremsha polepole kama mtu aliyebeba kitu cha watu.

"Kumbe lilikuwa ni neno hilo tu," akasema.

Chipukizi likaita ya nne, na mlango wa buluu ukafunguka wote. Shira ikaingia ikinguruma, na Mwamvua akatokea kizingitini, mifupa na meno, anacheka huku shira inamchuruzika kidevuni. Mtaa mzima ulisikia. Machipukizi mengine yaliposhuka kilimani, watu walikuwa wakipiga kelele nyuma ya milango kabla hata hawajaitwa: "Karibu! Karibuni ndani!" Kufikia alasiri barabara zilionekana mawe, na watoto waliozaliwa baada ya mwaka ule wakauliza yale ni nini.

Kasrini mlango ulikuwa umefungwa. Watumishi waliokuwa wakiuzibulia chupa kutoka nje walikwenda kwao kula, na wachotaji hawakupandisha shira. Ndani zilisikika chupa zikizibuliwa, moja baada ya nyingine, ghala nzima. Mlango haukutikisika. Hodi ni ya aliye nje.

Machipukizi yakapanda ngazi, umati nyuma yao. Yakaita mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Ndani, chupa zikaacha kulia.

"Koplo," Mwamvua akauliza, akijilamba vidole, "wakiita ya nne?"

Tindo akalaza panga lake juu ya ngazi, akalikalia.

"Nimezeeka, mama. Siku hizi nikifika tatu, hesabu hunipotea."

Machipukizi yakavuta pumzi.