Aliyesimama Koridoni

Fundi mapazia alikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, mwenye wateja wanaomsumbua kutwa kucha, lakini nyumbani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kifaranga. Alipewa jina hilo utotoni kwa sababu ya woga. Koti lililoning'inia msumarini lilitosha kumtoa mbio. Aliyelibuni jina alikuwa kaka yake mkubwa, fundi wa tivii na redio ambaye mtaa mzima ulimjua kama Waya, na ndiye aliyelisambaza mpaka likamganda dada wa watu kama gundi.

Walizaliwa wawili tu, na hawakufanana kwa lolote isipokuwa kupenda vipindi vya maajabu. Ugonjwa huo waliambukizwa na baba yao, msoma mita za maji, mtu mpole asiyebishana na yeyote kuhusu mpira wala siasa. Jumamosi alasiri alikuwa akifuta vumbi kwenye kioo cha tivii, anaweka kanda kwenye deki ili arekodi, kisha anainua kidole. "Kimya sasa. Mnyama anakuja."

Na kweli mnyama alikuja. Kulikuwa na yule wa ziwani mwenye shingo ndefu, aliyeonekana kwenye picha iliyotikisika kama iliyopigwa na mtu mwenye homa. Kulikuwa na nyayo kubwa kwenye theluji, na mataa angani yaliyowafuata marubani. Kulikuwa pia na nyumba ambayo viti vilihama vyenyewe. Msimulizi alikuwa na sauti nzito, kama anaongea kutoka ndani ya pipa, na hakuwahi kutoa jibu. Kila kipindi kilikwisha kwa swali. Baba aligeuka: "Mnaonaje, wanangu?" Waya alijibu kwa kelele kwamba ni kweli tupu. Kifaranga hakujibu, maana alikuwa nyuma ya kiti cha baba, anachungulia kupitia matundu ya kitambaa cha kufuma. Aliogopa sana, na Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Baba alifariki, mama akabaki na nyumba. Waya alirudi kuishi naye ili asikae peke yake. Siku moja, akitafuta mwavuli juu ya kabati, akakuta boksi la kanda zote zile, nyingine zimeota ukungu. Alizisafisha kwa pamba na spiriti, akaifufua deki, akampigia dada yake simu.

"Kifaranga, njoo Jumapili. Nimewafufua wanyama wa baba."

"Mungu wangu! Na ile nyumba ya viti?"

"Ipo. Uje na nepi."

Jumapili hiyo mvua ilipiga tangu asubuhi. Walikuwa hawajamaliza hata kupangilia kanda, umeme ukakatika. Waya hakutaka kusikia habari ya kuahirisha. Alikuwa na jenereta ndogo, lakini barazani mvua ilikuwa inaingia yote, kwa hiyo akaiburuta mpaka stoo, mwisho wa korido, akafungua kidirisha cha stoo moshi upate pa kutokea, akafunga mlango, akapitisha waya chini yake. Mama alikuwa ameshaagiza madirisha mengine yote yafungwe. Kifua chake na baridi havijawahi kupatana.

Wakaketi sakafuni, migongo kwenye kochi, kama zamani. Mama alikaa kwenye kiti cha baba, miguu ameifunika kwa khanga. Ilipoanza ile ya ziwani, picha ikicheza na michirizi myeupe ikipita, wote watatu walicheka kabla hakijatokea cha kuchekesha.

"Hapa baba yenu alikuwa anabana pumzi," mama akasema. "Nikimsemesha, haniitikii. Nikajua mwenzangu ameshazama ziwani."

Kifaranga alicheka, machozi yakamtoka. Hakujua kama ni ya furaha ama ya kumkumbuka mzee. Baadaye kidogo mama alijipapasa paji la uso. Kichwa kimekuwa kizito, akasema, huenda ni mvua hii, ngoja nikajinyooshe. Akaenda chumbani kwake, kile cha mwisho koridoni, jirani na stoo, akarudishia mlango.

Waya akaweka kanda ya nyumba ya viti.

Ilikuwa inatisha kuliko Kifaranga alivyokumbuka. Msimulizi alieleza jinsi familia ilivyoanza kusikia nyayo, jinsi kila mtu alivyohisi kuna anayemtazama kutoka nyuma. Kifaranga naye akahisi. Kwanza alijiambia ni yale yale ya utotoni. Moyo ulimwenda mbio, mdomo ukakauka, kipande cha kichwa nyuma ya macho kikaanza kupigapiga. Ngurumo ya jenereta ilikuwa inafika sebuleni kama mtu anayeguna nyuma ya ukuta. Akageuza shingo kutazama korido.

Kuna mtu alikuwa amesimama.

Alikuwa mrefu, amesimama kwenye giza karibu na mlango wa stoo, mikono imeshuka pembeni. Hakuwa na uso wa kueleweka. Kifaranga akafumba macho, akayafumbua. Hakuna mtu. Akarudi kutazama tivii, akamaliza labda maneno mawili ya msimulizi, akageuka tena. Yupo. Na safari hii alikuwa amesogea, amefika usawa wa mlango wa mama.

"Kaka."

"Mmh."

"Kaka, koridoni kuna mtu."

Waya akaangua kicheko. "Si nilikwambia uje na nepi?" Alicheka sana, kicheko kikapotea njia, kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Alikuwa amegeuka naye anatazama korido. Kifaranga alimwona akimeza mate.

"Nani amepita?" Waya akauliza, kwa sauti ndogo ambayo dada yake hakuwahi kuisikia kwake tangu wazaliwe.

Kumbe mwenye kutisha hakuwa yule wa koridoni. Kilichomtisha Kifaranga mpaka uti wa mgongo kilikuwa uso wa kaka yake, yule asiyeogopa nyoka wala umeme, umelegea, jasho linamtiririka, macho hayatulii. Waya alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Akakaa tena, pole pole, kama mzee. "Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza tumalizie."

Kifaranga hakungoja. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nao woga aliodhihakiwa nao maisha yote ulimnyanyua kabla hajakata shauri. Aliruka miguu ya kaka yake, akagonga meza, akapambana na komeo la mlango kwa vidole vilivyokuwa kama vya mtu mwingine, akatoka na kuanguka kwa magoti uani, kwenye matope, mvua ikimpiga kisogoni. Akatapika.

Alivuta hewa. Akavuta nyingine. Ile ngoma ya kichwani ikapungua kidogo, na wazo la kwanza lililomjia likawa hili: mama yuko kule ndani, na lile limtu lilikuwa mlangoni kwake.

Ieleweke kwamba mpaka hapo hakujua lolote kuhusu moshi wala sumu. Kwa akili yake yote aliamini nyumbani kwao kuna kitu. Alitamani kukimbilia barabarani, na mguu mmoja ulikuwa umeshaelekea huko. Badala yake alipiga mayowe, "Jirani! Jirani wee! Tusaidie!" kisha akavuta pumzi kubwa kama anayepiga mbizi, si kwa maarifa, ni kwa kuogopa tu, akarudi ndani.

Korido ilikuwa ndefu kuliko ilivyojengwa. Alipita akiwa amebandika bega ukutani, macho ameyafumba nusu, anasema moyoni, kama upo nipishe, kama upo nipishe, namfuata mama yangu. Kitu kilimgusa shavuni, akalia bila sauti. Lilikuwa pazia la mlango wa mama, alilolishona mwenyewe. Akasukuma mlango.

Mama alikuwa amelala chali, uso umetulia na umeiva wekundu usio wake. Anatabasamu. Anaongea.

"Mama, amka! Mama, twende!"

"Niache, mwanangu," mama akasema taratibu, bila kufumbua macho. "Naongea na baba yenu."

Nywele zilimsimama Kifaranga. Alitazama ukingo wa kitanda na akaona, ama aliamini ameona, pale godoro lilipobonyea kama chini ya mtu aliyekaa. Hakutazama mara ya pili. Alikunja ncha za shuka, akamvuta mama na shuka lake, akashuka naye sakafuni kwa kishindo, akaanza kuburuta. Mama alimpiga makofi mikononi. "Niache! Una adabu gani wewe? Tunaongea!" Pumzi ilimwishia katikati ya korido. Ilibidi avute ile hewa ya humo, na kila alipovuta, magoti yalizidi kuwa maji.

Alipofika sebuleni mlango ulikuwa umejaa mtu. Ni jirani yao, mchomeleaji wa mageti, ameloa chapachapa.

"Kuna nini?"

"Kuna jitu ndani!" Kifaranga akalia. "Jitu!"

Jirani hakutazama jitu. Alivuta hewa puani mara moja, uso ukambadilika. "Jenereta iko wapi? Jamani mmewasha jenereta ndani? Mtakufa!" Akamnyakua mama mikononi kama mtoto, akamtoa hadi barazani, akarudi kumkokota Waya aliyekuwa ameshalala ubavu mbele ya tivii, msimulizi akiendelea kuongea juu ya kichwa chake. Kisha akafunga shati puani, akaenda mpaka stoo, na ngurumo ikakatika. Kidirisha, alisema aliporudi huku akikohoa, kilikuwa kimefungwa na upepo. Humo ndani hata mkono wake alikuwa hauoni.

Jirani aliwapeleka hospitali kwenye gari lake la kubebea mageti. Wote watatu walivishwa barakoa za oksijeni. Daktari, mama mmoja mchangamfu aliyechoka, alimweleza Kifaranga kwamba ule moshi una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hupita chini ya milango. Mtu anaumwa kichwa, anaogopa bila sababu, anasikia sauti, anaona watu ambao hawapo, kisha anasinzia na haamki.

"Mngemaliza hiyo kanda," daktari akasema, "tusingekutana leo."

"Kwa hiyo hakukuwa na mtu?"

"Hakukuwa na mtu, dada."

Waya alipopata fahamu sawasawa alikaa kitandani akitazama mikono yake. Hakufanya mzaha wowote, na hilo lilimuumiza dada yake kuliko kilio. "Nimefanya kazi na umeme maisha yangu yote," akasema. "Nikataka kuwaua kwa ajili ya mnyama wa ziwani."

"Hukutaka, kaka."

"Ungekuwa jasiri kama mimi, tungekufa wote." Kisha akamwita kwa jina lake halisi, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, na Kifaranga akashindwa kujua aitikie vipi.

Mama ndiye aliyechelewa kupona. Kichwa kiliendelea kumzunguka, na alikuwa amemnunia binti yake. Kila akiletewa uji alipokea uso ameugeuzia ukutani. Mwisho Kifaranga hakuvumilia.

"Mama, nimekukosea nini?"

Mama akageuka, akamtazama. "Alikuwa amekaa pale pale," akasema. "Na shati lake la kazi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, mwanangu. Hukunipa hata nafasi ya kumuaga."

Kifaranga alifungua mdomo amweleze habari ya hewa ya sumu, kama daktari alivyoeleza. Akaufunga. Yeye mwenyewe alikuwa ameliona godoro limebonyea. Aliushika mguu wa mama uliokuwa nje ya blanketi, akausugua mpaka ukapata joto, na mama hakuuvuta.

Siku zilipita nyingi kabla mtu hajazitaja tena zile kanda. Aliyezitaja ni mama. Alasiri moja ya jua kali, umeme upo, madirisha na milango yote imeachwa wazi mpaka kuku wa jirani wakaingia, alisema anataka kumwona yule wa shingo ndefu. Waya alimtazama dada yake kama anayeomba ruhusa. Dada alitikisa kichwa kukubali, ingawa viganja vilikuwa vimeshaanza kulowa.

Wakaitazama. Picha ilitikisika, maji yakafanya mkunjo, shingo ikatokea na kupotea. Waya alitoa sauti ya kuguna kwa raha. Kifaranga alikaa ameipa korido mgongo, na alijikaza asigeuke. Alijua ni korido tupu. Daktari alishasema. Hakugeuka.

Msimulizi alipofikia swali lake la mwisho, wakamgeukia mama wamuulize anaonaje. Alikuwa amelala kwenye kiti cha baba, kichwa kimeinamia bega, mdomo wazi kidogo. Waya alicheka taratibu, akainuka kuzima deki.

Kifaranga hakucheka. Alisogea kwa magoti mpaka kwenye kiti, akaweka kiganja karibu na pua ya mama yake, akangoja. Pumzi ikatoka, nyembamba, ya moto. Akaendelea kukiweka pale pale, akaingoja nyingine.