Chombo Chenye Tundu

...kwa hiyo maji yanayoingia kwenye bomba lazima yawe sawa na yanayotoka, hata bomba likibanwa katikati yataongeza mwendo tu, hayapotei, Hosiana akausoma tena mstari huo, amekaa ukingoni mwa kitanda cha bibi yake, kitabu mapajani, joto la mchana wa Kyela limemgandishia gauni mgongoni, hayapotei, na juu ya kichwa cha bibi dripu inadondoka, asubuhi nesi Evodia aliihamishia msumari wa juu zaidi maana damu ilikuwa inapanda mrijani, kimo ndicho kinacholeta msukumo, hilo analijua, yote anayajua, na bado wiki ijayo anarudia mtihani, sapu, kwa sababu ya swali moja aliloliacha jeupe, chombo kimejaa, chini kina tundu, tafuta kitachukua muda gani kuwa kitupu, siku ile alishika kalamu na badala ya chombo akamwona Marta, mama yake, ambaye hamjui hata kwa picha... “Vitenge bado vimelala mpakani Kasumulu,” anasema mama mdogo Felista huko koridoni, na simu sikioni, “mwambie dereva Eliya asivuke mto Songwe na mvua hii,” na mvua ilikuwepo pia siku aliyozaliwa, wanasema, daraja lilikuwa limezama, gari halikupita, Marta akajifungulia nyumbani kule Makwale na damu ikakataa kusimama, nani alimwambia, hakuna aliyemwambia, alisikia tu akiwa mdogo, amejificha nyuma ya magunia ya kakao, mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, huyu ndiye aliyetoka na damu yote ya mama yake, akatazama mikono yake, tangu siku hiyo huitazama, na bibi aliyemlea hakuwahi kusema neno, ila kila ilipofika siku aliyozaliwa Hosiana bibi alibeba jembe akaenda shamba peke yake, asitake kusindikizwa, basi na bibi anaona hivyohivyo, alikuwa anawaza utotoni, hata yeye hataki kunitazama... “Marta.” Bibi amefungua macho, yamelowa homa. “Marta, gwe, umekuja.” “Ni mimi, bibi. Hosiana.” Lakini bibi anatazama uso wake kama mtu anayetafuta njia ya zamani, mkono usio na sindano unapapasa shuka mpaka ukakipata kidole cha Hosiana, ukakishika. “Nilikushika hivi,” anasema bibi, “ukaniambia nikuachie. Ukasema, mama, achana na mimi, mchukue mtoto, sakafu ina baridi. Nikakuachia, Marta. Nilipogeuka na mtoto ulikuwa umekwenda. Hukunikasirikia?” ...sakafu ina baridi, alisema hivyo, kumbe alisema kitu, alikuwa na pumzi ya kusema na pumzi yenyewe akaitumia kwa ajili ya baridi ya sakafu, kwa hiyo aliniona, nililala pale chini na akaniona, na bibi na jembe lake, miaka yote hii, kumbe hakuwa ananikimbia mimi, alikuwa anakwenda kumuuliza mtu aliyezikwa kule shamba, nimjibu nini, nimwite nesi, nimwambie unaota, bibi, mimi si yeye, lakini kidole kimebanwa na yale macho yanangoja... “Sikukukasirikia, mama,” akasema Hosiana, na neno hilo likamshtua mdomoni, maana hakuwahi kumwita mtu mama bila kuongeza mdogo. Koridoni Felista anacheka kidogo na simu yake, anashukuru, ndaga, ndaga, na mvua ya Songwe haina habari na mtu. Bibi akashusha pumzi. “Na mtoto?” “Yupo. Amekua. Yuko chuo.” “Anasoma nini?” “Uhandisi, mama. Anasoma namna maji yanavyokwenda.” Bibi akalifikiria hilo, kope zikimlemea, Hosiana akadhani amelala, akataka kuutoa mkono wake taratibu, akashindwa, au hakutaka. “Amekula?” akauliza bibi, amefumba macho. Kitabu kikateleza kutoka mapajani kikaanguka sakafuni, hakukiinamia, tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni na hakuna aliyemuuliza. “Bado, mama,” akasema, na safari hii alikuwa anajibu yeye mwenyewe.