Mwanya Nilioufuta

Kazi yangu ni kupiga picha, na ninaijua. Mtu akitaka picha ya kupeleka nje, kwanza namuuliza inakwenda nchi gani, maana kila taifa lina macho yake. Kuna wanaopenda uso mrefu, kuna wanaopenda nyusi nene. Sisi hapa tunapenda mwanya na mashavu yaliyoshiba. Yote nimeyaandika kwenye daftari.

Basi mdogo wangu alipochumbiwa na fundi mitambo mgeni, na mama wa fundi akataka picha ya binti, nilifungua daftari. Kwao, liliniambia, wanapenda wembamba na meno yaliyobanana. Asubuhi nzima nilikuwa kwenye kompyuta. Nikaziba mwanya, nikapunguza mashavu, nikachonga shingo, nikaituma. Sikumwambia mtu. Wema hautangazwi.

Picha ya mama mkwe nayo ikaja: mama mnene, mashavu tele, shingo ina mikunjo mitatu. Mama yetu akaitazama, akasema, "Kwa huyu hakuna njaa."

Mama mkwe akaahidi kuja mwenyewe, na akaonya kabisa: asipokuta mtu wa kumpokea, anageuza na basi la saa tisa, na uchumba uishie hapo. Siku yenyewe mwanawe alikuwa zamu kiwandani, simu zao zinafungiwa kabatini. Tukaenda kituoni mimi na mdogo wangu.

Basi la saa nne likashusha watu, mnene hakuna hata mmoja. Tukakaa kwenye benchi, mimi mwishoni kabisa. Mwisho wa pili wa benchi aliketi mama mmoja mwembamba, mkavu, kakumbatia bahasha. Kila msichana mwembamba akipita, anachungulia bahasha, anamkodolea macho, anashusha pumzi. Nilimhurumia.

Saa nane na nusu mdogo wangu akaanza kulia. "Kaka, amenikataa hata kabla ya kuniona."

Roho iliniuma kweli. Akasimama afute machozi. Na yule mama naye akasimama, kabeba mfuko wake, basi la saa tisa limeshapiga honi. Benchi, lililobaki na mimi peke yangu mwishoni, likainuka upande wao. Nikaenda chini chali.

Mdogo wangu, na machozi yake, akaangua kicheko.

Yule mama akaganda. "Cheka tena," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kufundishwa kwa simu, polepole. "Mwanangu kanisimulia mwanya huo mpaka masikio yakachoka." Akatoa picha kwenye bahasha. "Sasa huyu mgonjwa ni nani?"

Mdogo wangu akaitazama picha, kisha akanitazama mimi, nikiwa bado chini. Nikaona nijitetee. "Na wewe mama, unene umeuacha wapi?"

Akainamisha uso. "Mpiga picha wetu. Alisema huku kwenu mama mwembamba haheshimiwi."

"Hana aibu huyo," nikasema. "Kumharibu mama wa watu namna hiyo."

Mdogo wangu akaninyooshea ile picha yake. "Nyani haoni kundule," akasema.

Basi la saa tisa liliondoka bila yeye. Alasiri ile ile nikawapiga picha studio, mtu na mkwewe, mwanya na mifupa. Mdogo wangu aliketi kando yangu mpaka ikachapwa, na kipanya cha kompyuta amekishika yeye.